Chakula cha dukani kwa punda: mfuko upi unafaa, upi unaua

Kila mwaka mwezi wa Julai unapoingia, nyasi za Mkonze na vijiji vya jirani huwa zimekwisha kuwa makapi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja. Huanza Desemba, hukoma Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kuanzia hapo hadi mvua zirudi, punda anayebeba maji, mchanga, kuni na mavuno hula anachookota njiani. Mbavu zinaanza kuhesabika. Ndipo mwenye punda anaposimama mbele ya duka la pembejeo na kuuliza: nimnunulie nini, na kwa pesa niliyonayo?

Swali hilo hutufikia mara nyingi msimu wa kiangazi, na jibu lake si rahisi kama linavyoonekana. Katika maduka yetu mengi utakuta mifuko ya chakula cha kuku wa mayai, kuku wa nyama, nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Mfuko ulioandikwa "punda" hutauona. Wenye farasi na poni, ambao ni wachache katika mkoa wetu, wanakutana na tatizo hilo hilo. Matokeo yake mtu huchukua mfuko wa mnyama mwingine kwa sababu ni wa bei nafuu, au kwa sababu umebaki nyumbani baada ya kuku kuuzwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Baadhi ya mifuko hiyo inampunguzia tu mwenye punda pesa. Mingine inaua. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuitofautisha, na jinsi ya kupiga hesabu ili shilingi unayoitoa imfikie punda kweli.

Tunayoyasema kuhusu punda yanawahusu pia farasi na poni. Ni ukoo mmoja na matumbo yao yanafanya kazi kwa namna moja. Tofauti kubwa ni kwamba punda anaridhika na kidogo zaidi.

Kwa nini punda si ng'ombe mdogo

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua. Chakula chao huanza kuchachuka katika tumbo kubwa la kwanza, ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huvunja nyuzinyuzi na hata kutengeneza protini. Punda hacheui. Ana tumbo moja dogo, na kazi ya kuvunja nyasi hufanyika mwishoni kabisa, katika utumbo mpana.

Kutokana na umbile hilo tunapata kanuni tatu.

Kwanza, punda ameumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukimjaza pumba nyingi kwa mara moja, wanga hupita tumboni bila kumeng'enywa na kwenda kuchachuka kwenye utumbo mpana. Atapata maumivu makali ya tumbo, na anaweza kuvimba ndani ya kwato hadi ashindwe kutembea.

Pili, chakula chake kikuu ni nyuzinyuzi: nyasi kavu, mabua, majani ya karanga. Chakula cha dukani ni nyongeza. Mwenye pesa ya kununua kitu kimoja tu, anunue nyasi kwanza.

Tatu, dawa na viongezeo vinavyowekwa kwenye chakula cha mnyama mwingine havikupimwa kwa ajili yake. Kinachomfaa kuku kinaweza kuwa sumu kwa punda.

Mfuko wa kwanza wa kuukataa: chakula cha kuku

Vyakula vya vifaranga na vya kuku wa nyama mara nyingine huchanganywa kiwandani na dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Dawa za kundi moja kati ya hizo haziwadhuru kuku kwa kiasi kilichopimwa, lakini punda na farasi huharibiwa moyo na misuli. Kwenye lebo majina yake huandikwa hivi: monensin, salinomycin, lasalocid, narasin. Ukiona hata moja, rudisha mfuko rafuni.

Tuone hesabu yake. Kwa farasi, miligramu 2 hadi 3 za monensini kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha kuua. Chakula cha kuku wa nyama chenye dawa hiyo huwa na takriban miligramu 100 katika kila kilo. Chukua mnyama wa ukoo huu mwenye kilo 120, ambao ndio uzito wa punda wetu wengi. Kilo 2 na nusu za chakula hicho zinamfikisha kwenye kiwango cha kufa. Salinomaisini ni kali zaidi, na kiasi kidogo kuliko hicho kinatosha.

Dalili zake ni kukataa chakula, kutoka jasho, kuumwa tumbo, kuyumba miguu ya nyuma, kuhema kwa nguvu na kuanguka. Wengine hufa ghafla bila dalili. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Anayepona anaweza kubaki na moyo dhaifu, na akirudishwa kwenye mkokoteni akaanguka siku nyingine.

Je, chakula cha kuku wa mayai? Mara nyingi hakina dawa hizo. Hata hivyo kimejaa chokaa kwa ajili ya maganda, kina dagaa, na huenda kilichanganywa kwenye mashine ile ile iliyotoka kuchanganya cha kuku wa nyama. Ushauri wetu ni mmoja: chakula cha kuku wa aina yoyote kisifike mdomoni mwa punda. Na kama unafuga vyote viwili, weka magunia ya kuku ndani ya chumba chenye mlango. Punda mwenye njaa hufungua gunia usiku kwa meno.

Mfuko wa pili wa kuukataa: chakula cha nguruwe

Chakula cha nguruwe kina wanga mwingi na nyuzinyuzi kidogo, kinyume kabisa cha anachohitaji punda. Mara nyingine kina dagaa, damu iliyokaushwa au dawa za kukuza. Bei yake nayo ni ya juu kuliko pumba. Hakuna sababu ya kukinunua.

Mfuko wa kuuliza maswali: chakula cha ng'ombe wa maziwa

Huu ndio unaokaribia kumfaa punda, kwa sababu una pumba, mashudu na madini. Lakini uliza mambo mawili kabla ya kulipa.

Swali la kwanza: kina monensini? Dawa hiyo hiyo inayowekwa kwa kuku hutumiwa pia kwa ng'ombe katika nchi mbalimbali ili wanenepe haraka. Kama lebo haisemi chochote na muuza duka hajui, usibahatishe.

Swali la pili: kina urea? Urea ni mbolea inayotumika pia kama chanzo cha bei rahisi cha protini kwa wanyama wanaocheua. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe huigeuza kuwa protini. Punda hana tumbo hilo. Kidogo kinapita bure, yaani umelipia kitu asichoweza kukitumia, na kikizidi kinamdhuru. Jambo hili linahusu pia mawe ya kulamba yenye molasi na urea. Punda apewe jiwe la chumvi na madini lisilo na urea.

Kama majibu yote mawili ni "hakuna", na lebo inaonyesha hivyo, chakula hicho kinaweza kutumika kwa kiasi kidogo. Lakini kwa kawaida utapata thamani kubwa zaidi ukinunua malighafi zenyewe na kuchanganya nyumbani.

Pumba na mashudu: malighafi za nyumbani kwetu

Mikoa ya Dodoma na Singida ni ukanda wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta ziko karibu. Mashine za kusaga na kukoboa mahindi ziko kila mtaa. Hizo ndizo duka la kwanza la mwenye punda.

Pumba za mahindi hutoa nguvu. Protini yake ni kama asilimia 10 hadi 12. Zinafaa kwa punda anayefanya kazi, lakini zisizidi nusu kilo kwa mlo mmoja kwa punda wa kilo 120. Zilowanishe kwa maji kidogo kabla ya kumpa. Pumba kavu huleta vumbi puani, na mnyama mwenye pupa anaweza kukabwa nazo kooni.

Mashudu ya alizeti hutoa protini. Mashudu yetu mengi yana maganda ndani, kwa hiyo protini huwa kati ya asilimia 20 na 30, na nyuzinyuzi ni nyingi, jambo ambalo kwa punda si baya. Yanamfaa zaidi punda jike anayenyonyesha, mtoto anayekua, na punda aliyekonda kwa kula mabua matupu.

Pumba za mpunga zinahitaji jicho la pili. Pumba laini ni chakula kizuri, ila wauzaji wengine huzichanganya na maganda magumu yaliyosagwa, ambayo hayana faida yoyote. Mafuta yake pia huchacha upesi, hasa wakati wa joto.

Mashudu ya pamba huletwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa na hupendwa na wafuga ng'ombe. Yana kemikali ya asili inayoitwa gosipoli, ambayo ni hatari zaidi kwa wanyama wachanga. Pale mashudu ya alizeti yanapopatikana, hakuna haja ya kuhangaika na ya pamba.

Usisahau chokaa

Pumba zina kasoro moja isiyoonekana kwa macho. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Punda au farasi anayekula pumba nyingi kwa miezi bila nyongeza huanza kunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa ya uso huvimba, meno hulegea, anachechemea leo mguu huu na kesho ule. Zamani huko Ulaya, farasi wa wasaga nafaka ndio waliougua sana, kwa sababu walilishwa pumba za bure za mashineni.

Kinga yake ni ya gharama ndogo: gramu 20 za chokaa ya mifugo kwa kila kilo moja ya pumba. Hicho ni kama kijiko kikubwa kimoja. Iombe dukani kwa jina hilo, chokaa ya mifugo. Chokaa ya kujengea na ya kupaka kuta ni kitu kingine, nayo huunguza mdomo na tumbo.

Hesabu ya bei: usilinganishe magunia

Gunia moja la pumba linaweza kuwa kubwa kuliko jingine. Debe la mtu huyu limejazwa kwa kushindiliwa, la yule limemwagwa tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mizani. Uliza bei kwa kilo, na kama duka linauza kwa debe au sado, lipime mara moja ujue lina kilo ngapi.

Hatua ya pili ni kuuliza: ndani ya kilo hiyo nanunua nini? Tupige mfano. Bei hizi ni za mfano tu, weka za soko lako.

Pumba za mahindi ni shilingi 500 kwa kilo. Kilo moja ina gramu 100 za protini. Kwa hiyo gramu 100 za protini zimekugharimu shilingi 500.

Mashudu ya alizeti ni shilingi 700 kwa kilo. Kilo moja ina gramu 250 za protini. Gramu 100 za protini zimekugharimu shilingi 280.

Kwa hiyo kama punda wako anahitaji protini, mashudu ya shilingi 700 ni rahisi kuliko pumba za shilingi 500. Kama anachohitaji ni nguvu za kuvuta mkokoteni na nyasi anazo za kutosha, pumba ndizo rahisi. Punda mkubwa asiyefanya kazi, mwenye nyasi nzuri, hahitaji chochote kati ya hivyo viwili. Kwake, mfuko wa bei nafuu kuliko yote ni ule usiounua.

Mchanganyiko unaowatosha punda wengi wa kazi ni sehemu tatu za pumba kwa sehemu moja ya mashudu, pamoja na chokaa tuliyoitaja na chumvi kidogo. Kwa mfano wetu, kilo moja ya mchanganyiko huo ina protini kama asilimia 14 na inagharimu shilingi 550, bila kuhesabu chokaa na chumvi.

Hatua ya tatu ni gharama ya siku. Nusu kilo kwa siku ya mchanganyiko huo ni shilingi 275. Linganisha na anachokuingizia punda kwa safari moja ya maji. Hapo utajua kama unaweza kumudu, na hutamwongezea bila mpango leo kisha ukamkatia ghafla kesho.

Apewe kiasi gani?

Huwezi kujua kiasi bila kujua uzito, na mizani ya punda hatuna. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na usome sentimita. Kwa punda mkubwa wa kazi, makadirio ni haya:

Sentimita 105: kama kilo 104.
Sentimita 110: kama kilo 117.
Sentimita 115: kama kilo 132.
Sentimita 120: kama kilo 148.

Punda wa kazi anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake kwa siku. Kwa punda wa kilo 120 hiyo ni kilo 2 na nusu hadi 3. Mgawo mzuri wa kiangazi ni kilo 2 na nusu za nyasi kavu au mabua, pamoja na nusu kilo ya mchanganyiko. Akiwa na kazi nzito, au ananyonyesha, mchanganyiko unaweza kufika kilo moja, lakini ugawe mara mbili, asubuhi na jioni. Farasi wa kilo 400 anahitaji angalau kilo 6 hadi 8 za nyasi kwa siku kabla hujafikiria mfuko wowote.

Maji ni sehemu ya chakula. Punda wa kazi hunywa kati ya lita 10 na 25 kwa siku kulingana na joto. Ni jambo la kusikitisha kwamba mnyama anayebeba maji ya nyumba nzima mara nyingi ndiye wa mwisho kunywa. Asipokunywa, nyasi kavu hukwama utumbo, na pesa yote ya chakula imepotea.

Chakula kipya kianzishwe polepole. Siku ya kwanza mpe konzi moja au mbili, kisha ongeza taratibu kwa siku 7 hadi 14. Vijidudu vya utumbo mpana vinahitaji muda wa kuzoea.

Namna ya kukagua gunia kabla ya kulipa

Soma lebo kama ipo. Tanzania ina Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, inayosimamia utengenezaji na uuzaji wa vyakula vya mifugo. Mfuko wa kuaminika unaonyesha jina la mtengenezaji, mnyama aliyekusudiwa, viambato, kiasi cha protini na nyuzinyuzi, uzito na tarehe. Mfuko usio na lebo huna wa kumdai.

Ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Joto ndani ni dalili ya unyevu na kuoza. Mabonge ni dalili hiyo hiyo.

Nusa. Pumba nzuri inanukia unga. Ikinuka ukungu au mafuta yaliyochacha, iache.

Tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utazama chini na maganda yataelea juu. Mchanga tumboni mwa punda hukusanyika na kuleta maumivu ya tumbo, mbali na kwamba umeununua kwa bei ya pumba.

Na ukungu tuuseme kwa uzito wake. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi ambayo familia imeyakataa kwa sababu ya ukungu mara nyingi hupelekwa kwa mifugo. Kwa punda na farasi hilo ni kosa kubwa. Kuna aina ya ukungu wa mahindi inayozalisha sumu inayoharibu ubongo wao: mnyama anakuwa kama kipofu, anazunguka, anaegemeza kichwa ukutani, na hufa ndani ya siku chache. Kuchemsha au kuanika mahindi hayo hakuiondoi sumu. Pumba nazo zina hatari kuliko unga, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye sehemu ya nje ya punje, ambayo ndiyo hukobolewa.

Nunua nini lini

Bei ya malisho hupanda kadiri kiangazi kinavyosonga. Wengi husema basi tununue kila kitu mapema. Ni nusu ya jibu.

Nyasi na mabua yaliyokauka vizuri hukaa msimu mzima yakiwekwa juu ya kichanja, chini ya paa. Nunua au kusanya mapema. Kwa siku 180, punda mmoja kwa kilo 2 na nusu anahitaji kilo 450. Robota likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 30. Upande wa Kongwa, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, kinafanya kazi ya mbegu za malisho na nyasi, na ranchi ya taifa iko wilaya hiyo hiyo. Ndiko mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza uliposhindwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Karanga zilikataa, nyasi zikakubali. Kwa mwenye eneo, kupanda nyasi za kuvumilia ukame ni nafuu kuliko kununua kila mwaka.

Majani ya karanga na kunde baada ya kuvuna ni hazina. Yana protini kuliko mabua, na mara nyingi yanachomwa shambani. Mabua ya mtama na uwele yaliyokauka yanafaa. Lakini machipukizi mabichi ya mtama, hasa yanayoota baada ya ukame, yana sumu. Mfunge punda mbali nayo.

Pumba na mashudu, kinyume chake, huchacha. Nunua ya mwezi mmoja, na miwili usizidi. Yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

Kabla ya kulaumu chakula

Punda anaweza kula vizuri na bado akakonda. Pengine ana minyoo. Pengine meno yamechongoka na hawezi kutafuna. Utaona mafundo ya nyasi yaliyotafunwa nusu yakidondoka horini. Pengine ana kidonda cha kamba mgongoni na maumivu yanamla. Kuongeza pumba hapo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwite afisa mifugo wa kata kwanza.

Na punda anayekataa kula kabisa kwa siku nzima ni wa dharura, hata kama ni mnene, na hasa kama ni mnene au ana mimba. Mwili wake huanza kumwaga mafuta kwenye damu na ini linashindwa kazi. Usisubiri kesho kutwa.

Punda akifa baada ya kula chakula kipya, usitupe mfuko. Uhifadhi pamoja na lebo, andika siku na kiasi alichokula, na toa taarifa kwa afisa mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, hupima vyakula vya mifugo, na mfuko huo unaweza kuokoa wanyama wa jirani zako.

Tunasisitiza haya kwa sababu punda si mnyama wa kurudishwa haraka. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo asibebeshwe mzigo wa kweli kabla ya kutimiza miaka mitatu. Biashara ya ngozi, ambayo iliwahi kuwa na machinjio hapa Dodoma, ilipunguza punda katika nchi nyingi za Afrika kiasi kwamba Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuisimamisha barani kote. Ukipoteza punda leo, ndoo inarudi kichwani mwa mama na watoto.

Kwa kifupi

Nyasi kwanza, mfuko baadaye.
Chakula cha kuku, hapana. Cha nguruwe, hapana.
Cha ng'ombe, uliza monensini na urea.
Pumba tatu, mashudu moja, chokaa ya mifugo, chumvi.
Pima kwa kilo, piga hesabu kwa siku.
Chenye ukungu hakuna wa kupewa: si mtu, si punda.
Na maji anywe kabla hajabebeshwa ya wengine.